Gharama za Kutunza Farasi na Punda Waliostaafu: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Kituo chetu kiko Kigamboni, upande wa mchanga mwingi, ng'ambo ya jiji la Dar es Salaam. Tunalea farasi na punda ambao wenyewe wameshindwa kuendelea nao: wazee, vilema, waliochakazwa na mizigo, na wengine wazima kabisa ila mwenye mali alihama au alifariki. Watu wanaotupigia simu huanza kwa kuuliza majina ya wanyama, kisha haraka sana wanafika kwenye pesa. Ni haki yao, hasa wanaotuchangia.

Tumejibu kwa kilo, lita na siku. Shilingi tumeziacha kwa makusudi, maana bei ya robota la nyasi mwezi wa Juni si bei yake mwezi wa Februari, na bei ya Kibaha si ya Kigamboni. Chukua bei ya kwako leo, zidisha na kilo tulizoandika, utapata jibu la kweli kuliko ambalo tungekupa sisi.

Farasi mmoja anakula kiasi gani?

Farasi ni mnyama wa nyasi. Kwa siku anahitaji chakula kikavu chenye uzito wa asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake mwenyewe. Wetu wengi wana kilo 400 hivi, na tunapiga hesabu kwa asilimia 2: kilo 8 za nyasi kavu kila siku. Kwa mwezi ni kilo 240. Kwa mwaka ni kilo 2,920, karibu tani 3, kwa farasi mmoja ambaye hafanyi kazi yoyote. Ukinunua marobota ya kilo 15, hayo ni marobota 195, kabla hujahesabu yatakayoloana au kuota ukungu.

Ukitaka kumlisha majani mabichi badala ya makavu, kumbuka majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 80. Kilo 8 kavu zinakuwa kilo 40 mbichi kila siku. Hebu fikiria kuzikata kwa fyekeo na kuzibeba kwa baiskeli, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba hatuwezi kumpa kilo zote hizo asubuhi tukaondoka. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na linatoa asidi muda wote hata likiwa tupu. Akikaa saa nyingi bila kutafuna, asidi inamchoma na kumtia vidonda. Kwa hiyo tunagawa mara nne, na mgawo wa mwisho ni saa nne usiku. Lazima mtu awepo saa nne usiku, na mtu huyo analipwa.

Nyasi mnanunua wapi, na kwa nini mnanunua nyingi kwa mpigo?

Tunapendelea nyasi aina ya Rhodes kutoka kwa wakulima wa bara, zilizokatwa baada ya masika, Juni na Julai. Wakati huo nyasi zipo na bei ni ya kibinadamu. Ukisubiri mpaka kiangazi kikolee, unanunua kwa bei ya mwenye nazo, na bado lori lile lile linakudai nauli ile ile.

Kununua nyingi kuna gharama yake: ghala. Pwani kuna unyevu mwaka mzima. Nyasi haziwekwi chini, zinapandishwa juu ya mapaleti, na hazibanwi ukutani, ili hewa ipite. Mwaka mmoja tulipokea lori zima kutoka kwa muuzaji tuliyemwamini. Kwa nje marobota yalikuwa ya kijani kizuri. Siku ya pili saisi wetu mkubwa, yaani mtunza farasi, akapenyeza mkono katikati ya robota moja, akautoa haraka: ndani kulikuwa na joto kama la uji uliotoka jikoni, na harufu ya gunia lililoloana. Nyasi zilifungwa kabla hazijakauka. Nyasi za namna hiyo huota ukungu unaoharibu mapafu ya farasi, na zikirundikwa zinaweza hata kuwaka moto zenyewe. Tulifungua marobota yote, moja baada ya jingine, tukayaanika siku tatu, tukatupa zaidi ya nusu. Tangu hapo hakuna robota linaloshushwa kwenye lori kabla mkono haujaingia katikati.

Jamani, majani yamejaa barabarani bure. Kwa nini msikate hayo?

Mengine tunakata, kwenye viwanja tunavyovijua. Yale ya kando ya barabara kuu yamechanganyika na mifuko, chupa na vipande vya waya. Majani yanayotoka kwenye mashine ya kukatia bustani ndiyo mabaya zaidi: yamekatwa madogo sana, yanalundikwa, yanaanza kuchacha ndani ya saa chache, na farasi anayameza bila kutafuna vizuri. Tena bustani nyingi za Dar zina ua wa oleanda, ule wenye maua ya waridi au meupe. Majani yake machache tu yanatosha kumuua farasi. Mtu akituletea kiroba cha majani ya bustani tunamshukuru, tunayapeleka kwenye shimo la mboji.

Pumba, mashudu, au chakula cha kuku si ni nafuu zaidi?

Hili tunaomba ulisome pole pole, hata kama una farasi mmoja tu wa kwako.

Chakula cha kuku na cha ng'ombe kilichochanganywa kiwandani wakati mwingine hutiwa dawa ya kuzuia koksidia (vijidudu vya utumbo) au ya kukuza mnyama, kama monensini. Kuku anaivumilia na ng'ombe anaivumilia. Farasi inamuua moyo, kwa kiasi kidogo sana, na hakuna dawa ya kuigeuza. Hatuweki mfuko wa chakula cha kuku ndani ya uzio wetu, hata wa mlinzi anayefuga kuku wake watatu. Tulimwelewesha, akawahamishia kwa shemeji yake.

Pumba za mahindi na za ngano zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Farasi akizifanya mlo wake mkuu, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na baada ya miezi uso unavimba, taya linalegea, anaanza kuchechemea bila jeraha. Majani ya tembo na nyasi kadhaa za ukanda wa joto huongeza tatizo lile lile, kwa kuwa zina oksaleti inayoifunga kalsiamu isitumike. Mtu anayemlisha farasi wake pumba na majani ya tembo anadhani ameokoa pesa, kumbe ameziahirisha, na zitakuja kudaiwa kwa jina la matibabu. Sisi tunatia alfalfa (lusani) kidogo kila siku kwa ajili ya kalsiamu, na pumba tunazitumia kama kitoweo tu, kumfichia mnyama dawa.

Mahindi yenye ukungu hayasogezwi kabisa. Kuna sumu ya ukungu wa mahindi inayoozesha ubongo wa farasi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Ukiona gunia la mahindi limeuzwa kwa bei ya kutupwa "kwa ajili ya mifugo", jiulize ni mifugo gani.

Kitu rahisi kuliko vyote kwenye hesabu zetu ni chumvi ya kawaida: gramu 30 hivi kwa siku, vijiko viwili vya chakula, zaidi kidogo wakati wa joto kali.

Maji je?

Kwa joto letu tunahesabu lita 50 za kunywa kwa kila farasi kwa siku, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Kwa mwezi ni lita 1,500. Kuoga, kusafisha mabanda na kuosha ndoo kunaweza kufikia kiasi kama hicho tena.

Shida yetu hapa ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vinatoa maji yenye ladha ya chumvi, na farasi akiyaonja anarudisha kichwa, anakunywa nusu ya anachohitaji. Asipokunywa, mavi yanakauka tumboni na njia inaziba. Kwa hiyo maji ya kisima tunaogeshea na kusafishia, ya kunywa tunanunua kwa boza. Boza likichelewa siku moja, hiyo si siku ya kulala.

Kwa nini mnasema mchanga ni adui?

Kwa sababu farasi analamba kila punje ya chakula iliyoanguka, na kwetu inapoanguka inaangukia mchangani. Mchanga unashuka, unatulia kwenye utumbo mpana, unazidi kidogo kidogo mpaka unakuwa mzigo. Tulijenga sakafu ya saruji sehemu zote za kulia na tukatandika mipira ya zamani juu yake. Ilituuma mfukoni mara moja.

Kupima ni bure. Kila wiki mbili tunachukua mavi mapya, madonge sita hivi, yale ya juu yasiyogusa ardhi, tunayavuruga kwenye maji ndani ya mfuko mweupe wa plastiki, tunautundika. Baada ya robo saa unashika pembe ya chini kwa vidole. Ukisikia kukwaruza, farasi huyo anabadilishiwa utaratibu siku hiyo hiyo.

Joto la Dar linaongeza gharama?

Sana, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Farasi hujipoza kwa jasho kama sisi. Wanaoletwa kutoka nyanda za baridi, na hata waliozaliwa hapa, wengine hufika mahali jasho likakata. Unamwona saa nane mchana amesimama kivulini, ngozi kavu kabisa, pua zimepanuka, mbavu zinapanda na kushuka kama amekimbia. Huyo ni wa kumwagiwa maji mfululizo, kuwekewa feni, na kutosumbuliwa mpaka jua litulie.

Mabanda yetu yameezekwa makuti. Bati lingedumu zaidi na lingetupunguzia kazi ya kuezeka upya baada ya miaka michache, lakini ukiingia chini ya bati mwezi wa Februari utaelewa mwenyewe. Chini tunatandika maranda kutoka kwa mafundi seremala. Kina mama wawili wanaoyachambua kabla hayajaingia bandani hutoa misumari karibu kila gunia. Ukienda kwa maseremala wa Keko kuomba maranda, uliza kwanza kama mbao zilipakwa dawa.

Kwato zinahitaji nini?

Kukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, mwaka mzima, maisha yote. Mafundi wanaojua kazi hii Dar ni wachache, kwa hiyo unalipa kazi yake na safari yake. Tunajitahidi akija awakute wote wamefungwa tayari, miguu imesafishwa, ili amalize kwa siku moja. Masika tunapambana na uozo wa kwato. Dawa yake kubwa ni banda kavu na kijana mwenye kichokoo cha kutolea uchafu kwatoni, asiyeruka siku. Viatu vya chuma hatuwavishi, maana hawafanyi kazi ya kuvihitaji.

Matibabu ya kawaida kwa mwaka ni yapi?

Chanjo ya pepopunda ni ya kwanza. Jina lenyewe linakueleza wahenga waliuonaje ugonjwa huu, na kweli jamii ya farasi na punda ni dhaifu sana mbele yake: msumari mmoja mchangani unatosha. Kisha kichaa cha mbwa, kwa kuwa mbwa wa mitaani wanapita. Kisha meno, angalau mara moja kwa mwaka.

Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ni virusi vinavyoenezwa na usubi. Ukiingia kwa farasi wasio na kinga unaweza kuua zaidi ya 7 kati ya kila 10 wanaougua. Punda huwa wanaustahimili. Usubi huuma zaidi kuanzia magharibi mpaka alfajiri, kwa hiyo farasi wanaingia ndani kabla ya magharibi, nyavu zinashushwa, feni zinawashwa, na umeme unahesabiwa. Chanjo ipo, hutengenezwa Afrika Kusini na nchi nyingine chache, na lazima isafiri ndani ya ubaridi bila kukatika.

Minyoo hatutibu kwa kalenda. Tunapima kwanza mayai kwenye mavi, tunatibu aliye nayo mengi. Tunaokoa dawa, na minyoo haizoei dawa haraka. Kwa walio Dar, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania uko Temeke, na kupima sampuli za mifugo ni sehemu ya kazi zake.

Dozi inategemea uzito, na mizani ya kumbeba farasi hatuna. Tunapima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, tunauzidisha kwa wenyewe, tunazidisha tena na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha tunagawanya kwa 11,880. Vipimo ni vya sentimita, jibu ni kilo. Kifua 170 na urefu 155 ni kilo 377. Futi ya fundi cherehani inaishia 150, haimzunguki farasi. Tunamzungusha kamba, tunaweka alama kwa kidole, tunaipima kamba chini.

Ombi moja: usituletee wala usimpake farasi wako dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi. Inasimamisha utumbo wa farasi. Tumeshampokea mmoja aliyeogeshwa hiyo kwa nia njema kabisa.

Na dharura?

Hapa ndipo bajeti zinapovunjika. Dharura kubwa ni maumivu ya tumbo, koliki. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia vibaya hakina njia ya kurudi.

Shani, jike letu jeupe, alianza saa tatu usiku. Aligeuka kutazama ubavu wake mara mbili, akaparua chini kwa mguu wa mbele, akalala, akataka kujiviringisha. Mapigo yake ya moyo ya kawaida ni 36 kwa dakika (farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44). Usiku ule yalikuwa 60. Sikio langu lilikuwa ubavuni kwake na ndani palikuwa kimya, wakati tumbo la farasi mzima halinyamazi. Daktari alikuwa Tegeta. Kutoka Tegeta mpaka kwetu ni kulikata jiji lote. Tulimtembeza taratibu, tukampumzisha, tukamtembeza. Daktari alipofika alimpitishia mpira puani mpaka tumboni, akampa maji na mafuta, akamchoma sindano ya maumivu, akakaa mpaka adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu Shani aliangusha madonge matatu makavu, na saisi mkubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia.

Usiku huo mmoja ulimeza pesa ya nyasi zake za miezi kadhaa. Kwa hiyo tuna akiba ya dharura isiyoguswa kwa jambo jingine, hata nyasi zikipanda bei. Kituo kisicho na akiba hiyo kitalazimika siku moja kumtazama mnyama akiumia kwa kukosa nauli ya daktari.

Wanyama wazee wanagharimu zaidi?

Ndiyo. Farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, na miaka ya mwisho ndiyo ya gharama. Shani ana umri wa miaka 27. Magego yake yamekwisha. Kila asubuhi tulikuta vibunda vya nyasi sakafuni, vimeviringika kama vimefinyangwa, amevitafuna akashindwa kuvimeza. Sasa chakula chake kinalowekwa saa mbili nzima mpaka kiwe kama uji mzito, mara nne kwa siku, ndoo yake peke yake. Hawezi kula na wenzake, watamnyang'anya. Kwa kazi na chakula yeye ni sawa na wawili.

Punda si wa bei rahisi?

Wanakula kidogo, hilo kweli. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo 2 na nusu hivi za majani makavu kwa siku, na makapi ya nafaka yanamfaa kuliko nyasi nono. Lakini punda anaishi muda mrefu, miaka 30 na zaidi, wengine 40 wakitunzwa. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi, hivyo masika lazima awe na paa. Na anaficha maumivu. Farasi akiumwa utamwona anajiviringisha, punda atainamisha kichwa tu na kuacha kula, na akiacha kula siku mbili mafuta ya mwili yanaweza kumwagika kwenye damu na kumuua. Mtu wa kumtazama punda ni yule anayemjua.

Tunaulizwa pia kama biashara ya ngozi imepunguza punda. Mahitaji ya ngozi kwa dawa ya asili ya Uchina iitwayo ejiao yaliwapunguza sana punda sehemu nyingi Afrika. Tanzania ilitangaza kusitisha uchinjaji wa punda Desemba 2021 kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kwa miaka 15. Kwetu maana yake ni kwamba punda mzee asiye na kazi sasa ana nafasi ya kuishi, na anahitaji mahali. "Punda afe, mzigo ufike," walisema. Chausiku, wetu wa kwanza, alifika na vidonda viwili vya tandiko mgongoni vyenye upana wa sahani ya chai. Mzigo ulikuwa umefika.

Mishahara inachukua kiasi gani?

Baada ya chakula, ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kwa uzoefu wetu saisi mmoja hawezi kuwatunza zaidi ya wanyama watano ipasavyo. Kila farasi anatoa karibu kilo 20 za mavi kwa siku, zaidi ya tani 7 kwa mwaka, na zote zinazolewa kwa mkono (mbolea tunawapa bure wakulima wa mchicha na matembele, wanakuja na matoroli yao). Wafanyakazi wetu wana mikataba na michango ya NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Kuna waliotushauri tutumie vibarua wa siku ili tuokoe. Kibarua wa leo hajui kwamba Shani jana hakumaliza ndoo yake.

Kwa nini msiwapandishe watalii ufukweni mjipatie hela?

Kwa sababu walikuja kwetu kupumzika. Wengi wana migongo mibovu, na aliye mzima leo akianza kutuingizia fedha, kesho tutashawishika kusema na yule mwingine si mgonjwa sana.

Nilileta ombi la kuwaachia farasi wangu mkakataa. Hamna huruma?

Ndugu yetu, tulilala na jina la farasi huyo. Farasi wa miaka 12 ana uwezekano wa kuishi miaka 15 mingine, na miaka 15 ni karibu tani 44 za nyasi, mbali ya kwato, meno na watu. Kanuni yetu ni kwamba hatupokei mnyama mpya kama ghalani hakuna chakula cha miezi mitatu kwa wote waliopo pamoja na yeye. Tuliwahi kuivunja, mara moja, kwa farasi aliyefungwa getini alfajiri na kamba ya katani. Miezi miwili baadaye tulikuwa tunawapunguzia wote mgawo, na mbavu za mzee mmoja zilianza kuhesabika. Hatutarudia.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Tukishindwa kumchukua tunakusaidia umtunze ulipo: tunakuja kumpima, tunakuonyesha mlo, tunamleta fundi wa kwato siku anayokuja kwetu mgawane nauli.

Shikamooni. Mimi ni mstaafu, nina eneo Goba, nataka farasi mmoja wa kufuga nyumbani. Mnashauri nini?

Marahaba, mzee wetu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Mmoja hatushauri: farasi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake anahangaika, anatafuna mbao, anatembea na ukuta usiku kucha. Anza na hesabu ya wawili. Bei ya kumnunua ndiyo pesa ndogo kuliko zote utakazotoa. Kabla ya hapo njoo ufanye kazi na sisi msimu mmoja wa masika, siku mbili kwa wiki. Ukivuka Aprili ukiwa bado unataka, tutakusindikiza kwenda kumchagua.

Akifa inakuwaje?

Mara nyingi daktari ndiye anayemlaza, tukishakubaliana kwamba maumivu hayarudi nyuma. Dawa inayotumika hubaki mwilini, na mbwa au ndege akila nyama hiyo atakufa pia, kwa hiyo lazima azikwe, na azikwe chini. Mwili wa kilo 400 hauchimbiwi kwa jembe. Tunakodi kijiko, na kwa kuwa maji ya ardhini huku yako karibu, tuna sehemu moja ya mwinuko tuliyoitenga. Tunaanza kuweka pesa ya kijiko siku mnyama anapofika. Kabla hajafunikwa tunawaleta wenzake wamnuse. Wengine wanarudi kula baada ya dakika moja, wengine wanasimama pale mpaka jioni.

Nichangie nini hasa?

Kidogo kila mwezi, kuliko kingi mara moja. Mchango mkubwa wa Desemba tunaushukuru, lakini farasi anakula pia Mei, wakati kila mtu ana ada za shule. Ukiahidi robota moja kwa mwezi, tunajua robota hilo lipo. Tunapokea pia maturubai mazima, ndoo zisizovuja, mapaleti, mipira ya sakafuni, taulo kuukuu na maranda safi. Dawa zilizokwisha muda usituletee, wala mkate, wali au mabaki ya sherehe.

Naweza kuja na watoto?

Karibuni Jumamosi saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Mkija na karoti, zikateni kwa urefu, zisikatwe mviringo, maana kipande cha mviringo kinaweza kumkaba mnyama. Maganda ya tikiti wanayapenda sana. Kokwa za embe zibaki kwenye gari. Mkiwahi mtamkuta Shani na ndoo yake ya saa kumi: huanza kwa kupuliza pua ndani ya uji mpaka unamrukia usoni, kisha anakula bila kuinua kichwa, na akimaliza anaisukuma ndoo kwa paji la uso mpaka igonge mlango, ili saisi asikie.